Siku 126 Zinapokwisha: Mfanyakazi Mgonjwa na Malipo Yake

(Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wakazi wa Lusahunga, Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wa visiwani, ambao wengi wao wana jamaa walioajiriwa Tanzania Bara.)



Nimeombwa nieleze jambo moja tu, na kwa kuwa jua linapanda na wengine wenu mna safari, nitajitahidi nisitoke nje yake. Jambo lenyewe ni swali ambalo limefika mezani kwetu mara nyingi kutoka sehemu hizi za Biharamulo na Ngara: mfanyakazi anapougua, mwajiri akamlipa kwa muda uliowekwa na sheria, kisha muda huo ukakwisha na mtu bado yuko kitandani, nani atamlipa?

Lusahunga ni njia panda. Huku ni Biharamulo na Bukoba, huku ni Nyakanazi na Kahama, na huku ni Nyakahura, Benaco hadi daraja la Rusumo. Mahali kama hapa mwajiri wa mtu aghalabu hayuko mbele ya macho yake. Dereva anaugua hapa, ofisi yake iko Dar es Salaam. Mwalimu anaugua hapa, faili lake liko wilayani. Kibarua wa msituni anaugua, naye hajui hata kama ana faili. Ndiyo maana siku za ugonjwa huhesabika bila mhusika kuwa na habari, na anapokuja kuuliza, zimekwisha.

Jibu la swali lenu, ndugu zangu, nalitoa mapema ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Katika nchi yetu hakuna ofisi moja ambayo huanza kumlipa mgonjwa yenyewe, siku mwajiri anapoacha. Malipo yanategemea kilichomfanya augue, Mfuko aliokuwa akichangia, na namna alivyotoka kazini. Kwa hiyo karatasi za malipo ya baadaye hutafutwa wakati mshahara bado unaingia. Anayengoja mpaka ukatike huwa amechelewa kwa mengi.

Sasa tuiangalie sheria yenyewe, maana mengi yanayosemwa vijiweni juu yake ni nusu ya kweli.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, mfanyakazi wa Tanzania Bara anastahili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa likizo. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Tuseme mtu analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi: miezi miwili ya mwanzo ataendelea kuzipata zote, na miwili inayofuata atapata 200,000 kwa kila mwezi. Baada ya hapo sheria haimlazimishi mwajiri kulipa zaidi, isipokuwa kama mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanampa mfanyakazi muda mrefu zaidi. Someni mikataba yenu. Mingine ni mizuri kuliko sheria.

Neno linalowapotosha watu hapo ni "mzunguko". Kwa likizo ya mwaka mzunguko ni miezi 12. Kwa likizo ya ugonjwa mzunguko ni miezi 36. Maana yake ni kwamba siku 126 hazifufuki kila Januari. Mtu akilazwa siku 20 mwaka wa kwanza, akavunjika mguu na kukaa nyumbani siku 60 mwaka wa pili, basi mwaka wa tatu amebakiwa na siku 46, na zote hizo ni za nusu mshahara. Nimemwona mtumishi mmoja, mtu mzima mwenye elimu yake, akigombana na mhasibu kwa jambo hili hadi sauti zikasikika barabarani, na mhasibu ndiye aliyekuwa na haki. Iandikeni tarehe ya kuanza kazi na kila siku ya ugonjwa katika daftari lenu wenyewe.

Aidha, mwenye utumishi usiotimia miezi sita hastahili likizo hiyo yenye malipo, ila sheria imewafikiria wale wa kazi za msimu, na pia wale wanaorudishwa kazini na mwajiri yule yule mara kwa mara ndani ya mwaka mmoja, endapo vipindi vyao vikijumlishwa vinapita miezi sita. Wapo wengi wa namna hiyo hapa, nao huambiwa kila mara kuwa wao ni wapya.

Sharti kubwa ni cheti cha daktari. Bila cheti mwajiri ana haki ya kutolipa. Karatasi ile ya ED ndiyo inayomlinda mgonjwa, wala isiachwe katika mfuko wa suruali mpaka ifuliwe. Ipelekwe kwa mwajiri ikiwa katika nakala, na nakala moja ipigwe muhuri na kurudi. Dereva aliyelazwa mbali na ofisi yake aipige picha kwa simu na kuituma siku hiyo hiyo, kisha aitunze ile ya asili. Mwajiri naye haruhusiwi kukikataa cheti cha mganga aliyesajiliwa pasipo sababu ya msingi. Kusema tu kwamba zahanati hiyo ni ya porini hakutoshi kuwa sababu.

Nakuja sasa kwenye yanayofuata siku ya 126. Hapa inabidi tuwatenganishe wagonjwa wa aina mbili.

Wa kwanza ni yule aliyeumia kazini, au aliyepata maradhi kwa sababu ya kazi yenyewe. Huyu ana Mfuko wake, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uitwao kwa kifupi WCF, uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008. Waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Mchango wote ni wa mwajiri. Ukiona mshahara wako umekatwa kwa jina la Mfuko huo, ujue umekatwa kinyume cha sheria. Mfuko unawahusu wafanyakazi wa sekta ya umma na wa sekta binafsi, wote wa Tanzania Bara.

Tofauti ya malipo ni kubwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mgonjwa wa kawaida ana siku 126, na nusu yake ni ya nusu mshahara. Aliyeumia kazini, akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, Mfuko humlipa asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Matibabu yapo juu ya Mfuko. Akibaki na ulemavu wa kudumu, kuna fidia yake. Akifariki, wategemezi wake wana haki.

Kwa nini basi watu wengi walioumia kazini wanakaa nyumbani kwa siku 126 kisha wanabaki bila kitu? Sababu ya kwanza ni kwamba tukio halikuandikwa. Tingo anaangukiwa na gunia usiku hapa barabarani, anapelekwa kituo cha afya, mganga anamuuliza anaumwa nini, naye anajibu, "Mgongo." Mganga anaandika maumivu ya mgongo. Hakuna aliyeandika kuwa aliangukiwa na mzigo, saa ngapi, katika gari gani, na nani alikuwepo. Baada ya miezi mitatu mgongo umekuwa ugonjwa wa kawaida, kama wa mzee aliyelima maisha yake yote. Mwambieni mganga mkasa ulivyokuwa, na hakikisheni umeandikwa. Mwajiri apewe taarifa bila kukawia, kwa maandishi, kwani yeye ndiye mwenye wajibu wa kuupeleka mkasa huo Mfukoni kwa fomu zilizowekwa. Akisitasita, mfanyakazi au jamaa yake anaweza kuufikia Mfuko mwenyewe. Muda uliowekwa na sheria wa kudai fidia ni miezi 12 tangu tukio, na miezi 12 huisha upesi kwa mtu anayehangaika na hospitali.

Sababu ya pili ni kwamba maradhi ya kazi hayana kishindo. Gari likipinduka, kila mtu ameona. Vumbi la mawe linaloingia katika kifua cha mchimbaji, au sauti ya mashine inayoua masikio ya mpasua mbao, havina siku wala shahidi. Mwenye kikohozi kisichokwisha ambaye amefanya kazi migodini, na ninajua katika wilaya hii wapo tangu enzi za Tulawaka, amweleze daktari historia yake ya kazi, tena mwaka kwa mwaka.

Wa pili ni mgonjwa wa maradhi ya kawaida: figo, moyo, kisukari, kansa, kifua kikuu, kiharusi. Huyu ndiye aliye katika hali ngumu, na siwezi kuwaficha. Katika nchi nyingine mfuko humpokea mgonjwa siku ile ile mwajiri anapomwachia. Ujerumani, kwa mfano, mwajiri hulipa wiki sita, kisha mfuko wa bima ya afya humlipa mgonjwa asilimia 70 ya mshahara wake ghafi, na kwa ugonjwa mmoja unaweza kulipa hadi wiki 78 katika miaka mitatu. Kwetu, mtumishi wa umma ana mlango wa namna hiyo. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, Na. 2 ya mwaka 2018, imelitaja fao la ugonjwa kwa jina lake miongoni mwa mafao ya mwanachama, na kiwango na muda wake hufuata kanuni za Mfuko. Walimu na wauguzi wengi niliozungumza nao hawakujua kuwa fao hilo lipo. Mlango wake ni afisa utumishi wa halmashauri, naye aandikiwe barua kabla mshahara haujaguswa. Watumishi wa umma wasisahau pia kuwa likizo zao za ugonjwa zinasimamiwa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, kwa hiyo wasijihesabie siku kwa kusikia hesabu za jirani wa kampuni.

Mfanyakazi wa sekta binafsi anachangia NSSF, uliotokana na Sheria Na. 28 ya mwaka 1997. Katika Mfuko huo hakuna fao linaloziba pengo la mshahara kwa sababu ya ugonjwa wa kawaida. Lipo fao la matibabu, lakini matibabu ni jambo jingine. Nalisisitiza hili kwa sababu watu huchanganya: bima ya afya, iwe ya NHIF au nyingineyo, humlipa mwenye hospitali. Haimlipi mgonjwa shilingi ya unga.

Kinachobaki kwa mwanachama wa NSSF ni njia mbili. Ya kwanza ni pensheni ya ulemavu. Hii ni ya mtu ambaye ugonjwa au jeraha limemwondolea angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, akathibitishwa na madaktari, naye hajafikia umri wa kustaafu. Sharti la michango ni miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia ulemavu wenyewe. Angalieni hiyo 12 ya mwisho. Mtu aliyechangia miaka minne, akaacha kazi kwa ugonjwa, akakaa mwaka mmoja na nusu kijijini akitumia dawa za miti, kisha akaja kudai, amejipunguzia nafasi kwa kukawia.

Njia ya pili ni fao la upotevu wa ajira, lililoanza kwa sheria za mwaka 2018. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hajatimiza masharti ya pensheni. Lakini halitolewi kwa aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Hapo kwenye maneno "kwa hiari yake" naomba nisimame kidogo, maana ndipo yalipotukuta sisi wenyewe.

Nina mdogo wangu, ambaye alikuwa dereva wa semitrela katika kampuni moja nisiyoitaja. Alikuwa akipita hapa kila wiki. Figo zilimsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Kampuni ilimlipa kama sheria inavyosema, sina lawama hapo. Siku zilipokaribia kwisha, walikuja nyumbani watu wawili kwa heshima zote, wakampa pole, wakaleta matunda, wakatoa bahasha yenye mshahara wa miezi miwili na barua iliyokwisha kupigwa chapa. Barua ilikuwa na mistari minne: kwamba kutokana na hali ya afya yake ameamua kwa hiari yake kuacha kazi, na kwamba hana madai yoyote. Alitia sahihi huku ameegemea mto. Mkewe aliwashukuru. Mimi nilipopigiwa simu jioni nilishukuru pia, naungama mbele yenu, na kazi yangu ni hii ya kuwaeleza watu sheria.

Kwa sahihi ile alipoteza fao la upotevu wa ajira, kwa kuwa aliacha mwenyewe. Alipoteza kiinua mgongo. Alipoteza haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Na alipokuja kupata nguvu ya kuuliza, siku za kulalamika zilikuwa zimepita. Bahasha ilikwisha kwa vipimo na nauli.

Basi iwe hivi: mgonjwa asitie sahihi barua yoyote siku ile inapoletwa. Aseme ataisoma na jamaa zake. Anayeleta barua kwa nia njema atarudi kesho.

Kwisha kwa siku 126 hakumaanishi kwamba ajira imekwisha. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya, aangalie chanzo cha ugonjwa, uzito wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine inayomfaa. Dereva asiyeweza tena kukaa kwenye usukani saa kumi na mbili pengine anaweza kukaa ghalani au mizani. Mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa katika shauri hilo akiwa na mwenzake au kiongozi wa chama. Na pale ambapo kazi ndiyo iliyomuumiza, mwajiri anatakiwa ajitahidi zaidi kumtafutia nafasi.

Ikiwa baada ya hayo yote itabidi aachishwe, hatoki mikono mitupu. Anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ya mwaka aliyokuwa hajaichukua, notisi, cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi mahali alipoajiriwa kama ajira ilimtoa huko. Akiwa ametimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Hakipati endapo alipewa kazi nyingine inayomfaa akaikataa bila sababu ya maana. Kwa hiyo msikatae kazi nyepesi kwa kuona haya.

Anayeona ameachishwa isivyo haki apeleke lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa migogoro mingine, kama vile mshahara wa ugonjwa usiolipwa, muda ni siku 60. Fomu Na. 1 ya Tume hujazwa na mlalamikaji mwenyewe, wala si lazima awe na wakili. Aliyechelewa kwa sababu alikuwa taabani hospitalini anaweza kuomba asikilizwe nje ya muda, akaambatanisha vyeti vya kulazwa. Kukubaliwa ni hiari ya Tume, hivyo ni bora kuwahi.

Lipo jambo la kifua kikuu ambalo watu wa afya wameniomba nisilipite. Dawa zake, kwa ugonjwa wa kawaida usio sugu, ni za miezi sita, nazo hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Miezi sita inapita siku 126. Wapo walioziacha dawa katikati wakirudi kazini kwa hofu ya mshahara, ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Si lazima mgonjwa akae nyumbani miezi yote sita. Wengi hupata nguvu mapema na daktari huwaandikia kurudi kazini huku wakiendelea na dawa. Mwombeni daktari aandike hivyo, na mwajiri aombwe muda wa kwenda kuchukua dawa. Ama kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria ya ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali hiyo, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yake. Cheti cha ED kinatosha kumwambia mwajiri kwamba mtu hawezi kazi kwa siku kadha wa kadha. Ofisi nzima haina haja ya kujua jina la ugonjwa.

Kwa madereva wa nchi jirani ambao nawaona hapa: mikataba yenu iliyofungwa kwenu hufuata sheria za kwenu. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu katika miezi 12. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inatoa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili mwajiri anaweza kusitisha mkataba. Msidai siku 126 mkiwa Mombasa.

Na kwa wasomaji watakaoyakuta maelezo haya visiwani, mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na Mfuko wake wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mzanzibari aliyeajiriwa na kampuni ya Bara na kufanya kazi Bara, kama walivyo vijana kadhaa niliowakuta katika barabara hii, hufuata haya niliyoyaeleza. Akirudi kuajiriwa nyumbani, aulize upya.

Yafuatayo ni majibu ya maswali matatu yaliyoulizwa baada ya mazungumzo.

Kibarua mmoja aliuliza afanye nini ikiwa hana mkataba wa maandishi. Kukosekana kwa karatasi si kosa lake. Kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake ni wajibu wa mwajiri, na shauri likifika mbele ya sheria, mwajiri asiyeweza kuyatoa ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Hata hivyo kibarua akusanye alivyonavyo: ujumbe wa malipo katika simu, kitambulisho cha geti, majina ya wenzake.

Mwingine aliuliza juu ya mwajiri anayekata mchango wa NSSF bila kuupeleka. Kila mwanachama anaweza kuulizia michango yake katika Mfuko, na afanye hivyo walau mara moja kila baada ya miezi michache angali mzima. Akikuta mwezi haupo, apeleke hati yake ya mshahara inayoonyesha makato. Mfuko ndio wenye mamlaka ya kumdai mwajiri.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja, mke wa dereva aliyelala nyumbani Nyakahura. Aliuliza kama yeye anaweza kufuatilia, kwa kuwa mumewe hawezi kusafiri. Anaweza. Mumewe aandike barua ya kumtuma, itiwe sahihi au dole gumba mbele ya mtendaji wa kijiji na kupigwa muhuri. Mama achukue barua hiyo, kitambulisho chake na cha mumewe, namba ya uanachama ya Mfuko, vyeti vyote vya hospitali kwa mpangilio wa tarehe, na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Kila anachokikabidhi kiwe na nakala, nakala ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na hiyo arudi nayo nyumbani.